Ziwa Kitandara: Maji ya Juu Yasiyotaka Haraka

Wakazi wa Kasese wameuzoea mlima Rwenzori kama mtu azoeavyo ukuta wa nyumba yake. Asubuhi mawingu yakikubali kusogea, vilele vyeupe huonekana kwa muda mfupi, kisha pazia hufungwa tena na kila mtu hurudi kwenye shughuli zake. Wanaojua kwamba nyuma ya mawingu hayo kuna maziwa yenye maji baridi na maangavu, yaliyokaa juu kuliko shamba lolote la nchi hii, si wengi. Makala haya yanahusu mawili miongoni mwa maziwa hayo, yaani maziwa ya Kitandara, na namna mwananchi wa kawaida mwenye afya njema awezavyo kuyafikia wakati wa kiangazi na kurejea salama.

Ndugu msomaji asidhani kwamba Rwenzori ni mlima wa volkano kama ulivyo Kilimanjaro. Ni pande kubwa la mwamba wa kale lililoinuliwa na nguvu za ardhi kando ya Bonde la Ufa, karibu na mstari wa Ikweta, katika mpaka wa Uganda na Kongo. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Margherita, kina mita 5,109. Zamani za kale barafu ilienea mbali kuliko ilivyo leo, ikachimba mabonde kama mchongaji achimbavyo mtumbwi, na maji yakatuama ndani ya mabonde hayo. Kitandara liko katika mwinuko wa takriban mita 4,020, katikati ya mlima Baker na mlima Luigi di Savoia.

Njia iliyozoeleka huanzia Nyakalengija, mahali penye mwinuko wa mita 1,600 na zaidi kidogo. Siku ya kwanza msafiri hupita kando ya mto Mubuku, huingia msituni na kulala Nyabitaba, kwenye mita 2,650 hivi. Siku ya pili huvuka daraja, hupanda katika mianzi na kufika kibanda cha John Matte. Siku ya tatu huvuka vinamasi vya Bigo na kulala karibu na ziwa Bujuku, kwenye mita 3,960 hivi. Siku ya nne huvuka mlango wa mlima uitwao Scott Elliot, wenye takriban mita 4,370, na ndipo huteremka hadi Kitandara. Kurudi ni kwa njia nyingine, kupitia mlango wa Freshfield na kibanda cha Guy Yeoman, mpaka Nyabitaba tena. Mzunguko wote huchukua siku saba hivi.

Miezi inayofaa ni Juni hadi Agosti, na Desemba hadi Februari. Hata hivyo, neno kiangazi lisimdanganye mtu. Kiangazi cha Rwenzori maana yake ni mvua iliyopungua. Mvua iliyokoma ni jambo jingine. Asubuhi jua huweza kuchoma ngozi, adhuhuri ukungu ukashuka, na usiku maji yakaganda ndani ya chupa. Kwa hiyo mabuti ya mpira hayakwepeki, maana yako matope yanayofika magotini, ingawa sehemu ya vinamasi imejengewa madaraja ya mbao. Pamoja na hayo zichukuliwe nguo za sufi, koti la mvua, kofia, glovu, miwani ya jua na mfuko mzito wa kulalia. Seti moja ya nguo kavu ifungwe ndani ya nailoni na isiguswe mchana kwa sababu yoyote ile. Mtu aliyelowa akapigwa na upepo hupoteza joto la mwili upesi, na baridi ya namna hiyo huua hata mahali pasipo na theluji.

Adui mkubwa zaidi, hata hivyo, haonekani kwa macho. Kadiri mtu apandavyo ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na mwili huhitaji muda wa kujizoeza. Anayeharakisha hupatwa na maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula na usingizi. Hizo ni dalili za mwanzo za ugonjwa wa mwinuko. Zikimjia mtu, asiendelee kupanda. Apumzike, anywe maji, na zikizidi ateremshwe mara moja. Akianza kupepesuka kama mlevi, kuchanganyikiwa katika maneno, au kukosa pumzi hali ameketi, basi ubongo au mapafu yake yamo hatarini, na kumteremsha hakungoji mapambazuko. Kanuni inayokubalika ni kwamba, ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 hivi kila usiku, na siku ya mapumziko iongezwe pale inapohitajika.

Katika mafunzo ya kijeshi, kuruta hufundishwa mapema kwamba kikosi huenda kwa mwendo wa aliye dhaifu. Raia wengi hudhani kanuni hiyo ni ya huruma tu. Ukweli ni kwamba ni kanuni ya usalama, kwa kuwa kikosi kilichomwacha mtu nyuma kitalazimika kurudi kumtafuta, nacho kimechoka na giza linaingia. Mlimani jambo hili lina uzito maradufu. Kijana mwenye misuli huugua ugonjwa wa mwinuko sawasawa na mzee, na aghalabu zaidi yake, maana nguvu zake humshawishi kukimbia. Kitandara halitekwi kwa nguvu.

Na anayekwenda polepole ndiye aonaye. Juu ya mianzi huanza miti iliyofunikwa na ndevu za kijani, kisha yale mandhari ambayo mgeni huyadhania ndoto: lobelia zinazosimama kama mishumaa mirefu kupita kimo cha mtu, na senesio zenye mashina manene na vichwa vya majani mapana. Ndege aina ya chozi hunyonya maua ya lobelia katikati ya baridi kali. Pimbi hulia usiku miambani. Ziwani penyewe maji ni meusi na matulivu, na ukungu ukiondoka miamba huonekana imepinduliwa ndani yake.

Maji hayo yana safari yake. Kutoka Kitandara hushuka kwa mto Butawu kuelekea magharibi, yakavuka mpaka na kuingia mto Semliki upande wa Kongo. Maji ya Bujuku, yaliyo nyuma ya mlango wa Scott Elliot tu, huelekea mashariki hadi Mubuku na ziwa George, hupita mlango wa Kazinga na kuingia ziwa Edward, ambalo ndilo chimbuko la Semliki. Hivyo maji yaliyoachana mlimani hukutana tena bondeni, na pamoja huenda ziwa Albert na mto Nili. Mpaka umewekwa na watu; mlima huwalisha wa pande zote mbili.

Wakonzo, wenyeji wa miteremko hii, huiita theluji Nzururu, na katika imani yao ya jadi mlima ni makao ya Kitasamba. Ndio wapagazi na viongozi wa njia tangu 1906, mwaka ambao Luigi Amedeo wa Abruzzi kutoka Italia alifika kilele cha Margherita, na Vittorio Sella akapiga picha za barafu. Wakati huo barafu ya Rwenzori ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 6.5 hivi. Kufikia 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba, na imeendelea kupungua tangu hapo.

Mlima umepita pia katika misukosuko ya watu. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa 1991 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia 1994. Uasi wa ADF uliifunga kuanzia 1997 hadi 2001, na kuanzia 1999 hadi 2004 ilikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Njia zilipofunguliwa, wapagazi walirudi kazini. Katika miaka ile waliokosa mshahara walikuwa watu wenye majina na watoto wa shule.

Kwa hiyo anayetaka kwenda aende, na aende sasa, kwa kibali cha hifadhi na pamoja na kiongozi mwenyeji. Mpagazi apewe mzigo wa haki na malipo ya haki. Takataka zirudi chini na aliyezipandisha, kwa kuwa kila kinachotupwa Kitandara kina jirani wa kukinywa huko bondeni. Watoto wetu huenda wakaikuta Rwenzori isiyo na theluji. Tukiyatunza maziwa, angalau watayakuta maji yake yakiwa safi.