Treni Ndogo Haisafiri Peke Yake

Kazi yangu ni kusuka mota. Hapa Naviundu, Lubumbashi, watu huniletea pampu za maji, vinu vya kusagia mahindi na mashine za kulehemia zilizoungua. Nafungua, naondoa shaba iliyoungua, naweka mpya. Vipande vinavyobaki ni vifupi mno kwa kazi ya mteja, lakini kwa treni inayotosha kukaa kiganjani ni mali. Vyote vinaingia kwenye kopo chini ya meza, na jioni, kazi ya watu ikiisha, kopo linafunguliwa.

Wengi hudhani anayejenga treni ndogo anapenda treni tu. Mimi naona treni ndogo ndiyo inayomlazimu mtu apende vitu vingine vingi: udongo, mawe, picha, rangi, stempu, hadithi za wazee. Na katika mji kama Lubumbashi, ulioletwa na reli mwaka 1910 ilipofika kutoka kusini kupitia Sakania, vitu hivyo vyote vinapatikana bila kwenda mbali.

Tuanze na kipimo, maana hapo ndipo wanaoanza hukwama. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilipeleka kwenye maonyesho ya Leipzig treni ya kuchezea yenye reli za vipande, kila kipande kikiungana na kingine kwa vipimo vilivyopangwa. Mchezo huo ulienea Ulaya na Marekani, na leo kipimo kinachopendwa zaidi kinaitwa H0: kila kitu kinapunguzwa mara 87, na reli mbili zinaachana milimita 16.5. Lakini hesabu hiyo imetokana na njia za Ulaya, zenye upana wa milimita 1,435. Njia yetu ya Katanga, sawa na za Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini, ina milimita 1,067. Gawanya 1,067 kwa 64, utapata karibu 16.7. Kwa hiyo Mkatanga aliyeletewa reli za H0 na ndugu yake wa Ubelgiji asipunguze treni zake mara 87. Apunguze mara 64. Hapo behewa la mita 12 litakuwa na sentimita 19 hivi, na litakaa juu ya njia yake kwa uwiano ule ule unaouona stesheni. Asipofanya hivyo, treni itaonekana imesimama juu ya njia pana isiyo yake, na mzee yeyote wa reli atakwambia kuna kasoro hata kabla hajavaa miwani.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Aliingia kazini kampuni ikiitwa BCK, akaendelea ilipokuwa KDL, akastaafu ikiwa SNCZ. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba njia ya reli husomwa kwa miguu, kwa kutembea kando yake. Somo hilo nalitumia kila mara, kwa sababu kujenga reli ndogo ni kazi ya kuchagua. Kutoka Lubumbashi hadi Likasi kwa barabara ni kama kilomita 120. Ukipunguza mara 64 bado unabaki na takriban mita 1,875, na hakuna uwanja wa nyumba hapa kwetu unaoweza kubeba hizo. Lazima uamue ni daraja lipi, ni kona ipi, ni mti upi unaotosha kumfanya mtazamaji aseme, hapa napajua.

Mafundi wangu wa kwanza walikuwa watoto. Kabla ya treni kuna mutuka ya waya, gari ambalo watoto wa Katanga, kama wenzao wa Zambia na Malawi, hulijenga kwa waya uliookotwa, kwa makopo ya nyanya na kwa malapa mabovu yanayokatwa kuwa magurudumu. Linaendeshwa kwa fimbo ndefu yenye usukani, mtoto akikimbia nyuma yake. Kinachonishangaza ni macho yao. Hawana rula wala mchoro. Wanakaa kando ya barabara, lori la Howo lililobeba shaba linapita, na kesho yake lori hilo lipo mtaani, lina idadi sahihi ya ekseli, na tela lake linageuka nyuma ya kichwa kama la kweli. Kiungo kile cha tela, waya mmoja uliokunjwa pete ndani ya pete nyingine na kufungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, nilikihamishia chini ya mabehewa yangu, na mabehewa yakaanza kukata kona bila kutoka njiani. Mtoto aliyekuja kuangalia aliita wenzake kwa sauti iliyosikika hadi barabarani: "Kuya muone! Ya Papa iko nakata kona!" Tangu siku hiyo karakana yangu haijakosa wageni wa umri wake.

Baada ya waya kuna umeme, na hapa wanaopenda kufungua redio mbovu wanaingia. Treni ndogo ya kawaida hutembea kwa volti 12. Reli moja inabeba chanya, ya pili hasi, na magurudumu ndiyo yanayochukua umeme na kuupeleka kwenye mota. Kwa hiyo gurudumu la kushoto na la kulia yasikutane kwa chuma. Kati yao kuwe na kitu kisichopitisha umeme, plastiki kavu au bomba la kalamu lililokatwa. Mota naitoa kwenye redio kaseti na mashine za CD zilizokufa. Umeme wa mtaa ukikatika, betri ya pikipiki inayochajiwa na sola inaendesha treni jioni nzima. Magurudumu ya shaba nyeupe ananikerezea rafiki yangu fundi wa mashine. Yeye naye, kwa kunikerezea magurudumu, amejikuta anatengeneza injini ndogo ya mvuke ya kwake, na sasa ananiomba waya.

Njia ya kuelekea Likasi, Tenke na Kolwezi iliwekewa waya wa umeme katika miaka ya 1950, nayo hutumia volti 25,000. Watu wa mbali hushangaa wakisikia kwamba Katanga ilikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo duniani kuendesha treni kwa umeme wa aina ile ile unaotoka moja kwa moja kwenye mabwawa, wa mizunguko 50 kwa sekunde. Mimi hujivunia jambo hilo, na ndiyo sababu juu ya reli zangu nimetundika nyaya za shaba nyembamba kama unywele, zilizotoka kwenye mota za watu. Hazipitishi umeme. Ila bila hizo, picha ya Katanga haijakamilika.

Sasa udongo. Anayejenga treni ndogo Ulaya hununua nyasi za unga na mawe ya plastiki dukani. Sisi tuna kichuguu. Msitu wa miombo unaozunguka Lubumbashi umejaa vichuguu vikubwa, vingine virefu kuliko nyumba, na mafundi wa matofali huvichimba kwa sababu udongo wake unashikamana vizuri. Uponde, uuchekeche kwa kitambaa, uchanganye na gundi ya mbao na maji, na una kilima chenye rangi yenyewe ya hapa, ule wekundu unaogeuka kahawia mvua za Novemba zikianza. Vumbi la makala linakuwa makaa ya mawe. Vitawi vya maua makavu vinakuwa miti. Niseme wazi: kilima kilichoundwa na udongo wa mahali pake kina ukweli ambao hakuna duka linaloweza kuuza.

Ukishaanza kuchekecha udongo, utaanza kutazama mawe, na ukitazama mawe Katanga huwezi kuacha. Jirani zangu kadhaa hukusanya malakiti, jiwe la kijani lenye mistari, pamoja na madini mengine yanayotoka katika mawe yenye shaba. Mgodi wa Étoile, hapa hapa kando ya mji, ndimo lilimotambuliwa kwa mara ya kwanza dunia nzima jiwe la buluu liitwalo cornetite, lililopewa jina la Jules Cornet, mwanajiolojia Mbelgiji aliyepita Katanga mwaka 1892. Ni vizuri kujua kwamba wakusanyaji wa mawe wa nchi za mbali hulitafuta kwa shauku, na sisi tunaishi jirani na chimbuko lake. Onyo moja tu kwa wanaoanza: jiwe la manjano kali linalosemekana limetoka Shinkolobwe usiliweke nyumbani, hata kama ni zuri. Huko ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani wa mabomu ya mwaka 1945, na mawe hayo hutoa mionzi.

Jina la Naviundu lenyewe limo katika vitabu vya historia ya shaba. Wachunguzi wa mambo ya kale walipata karibu na mto wa jina hilo mabaki ya kuyeyushia shaba yaliyopimwa kuwa ya karne ya 4, miaka ipatayo 1,500 kabla ya kampuni yoyote ya kigeni kufika. Nawaambia vijana wa karakana jambo hili kila ninapopasha moto lehemu. Anayefanya kazi ya shaba Naviundu anaendeleza kazi ya zamani sana.

Rangi na picha zilikuja zenyewe. Nyuma ya reli panahitajika mbingu, na Lubumbashi haijawahi kukosa wachoraji. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Hangar, wakatoka humo Pilipili Mulongoy, Bela aliyepaka kwa vidole, na Mwenze Kibwanga aliyejaza turubai kwa vistari vifupi vifupi. Baadaye, katika miaka ya 1970, Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi nzima katika picha zipatazo mia moja, akiieleza moja baada ya nyingine kwa mwanaanthropolojia Johannes Fabian, na mazungumzo yao yalikuwa kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Mchoraji wa mtaa wetu alinipakia mbingu ya mwezi wa kumi, jakaranda zikiwa zimechanua, na bomba kubwa la kiwanda cha shaba likiwa mbali upande wa kushoto. Malipo yake yalikuwa kusukiwa mota ya feni.

Kupiga picha ni jambo la kulifanya kwa adabu. Stesheni na njia za reli si mahali pa kutoa simu ovyo. Omba ruhusa kwanza, na ukinyimwa, chora kwa penseli. Nami nadhani mchoro hufundisha zaidi, kwa sababu mkono hauwezi kuruka kile ambacho jicho limekiruka. Lakini anayetaka kujua picha inaweza kufanya nini na chuma kilichochakaa, atafute kazi za Sammy Baloji, aliyezaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1978. Katika mfululizo wake wa mwaka 2006 aliwaweka wafanyakazi wa picha za kale mbele ya viwanda vya leo vilivyonyamaza. Niliutazama muda mrefu, kisha nikaanza kupaka kutu kwenye mabehewa yangu badala ya kuyang'arisha.

Stempu nitazitaja kwa ufupi. Daraja la reli la mto Mpozo lilikuwa kwenye stempu za Kongo tangu mwisho wa karne ya 19, na stempu za Katanga iliyojitenga kati ya 1960 na 1963 bado ziko katika masanduku ya wazee wengi. Waulize kabla wajukuu hawajazitupa.

Yuko pia Mkongo ambaye kila mjenzi wa vitu vidogo anapaswa kumjua: Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa 1948 na kufariki 2015. Kule Kinshasa, kwa karatasi, kadibodi na makopo, alijenga miji mizima ya kufikirika, yenye rangi na nyota, na mwaka 2018 jumba la makumbusho la MoMA la New York lilimfanyia maonyesho makubwa. Yeye alijenga miji aliyotamani iwepo. Mimi najenga njia iliyokuwepo, ambayo baba yangu aliitembea. Naamini kazi hizi mbili ni ndugu.

Jumapili mchana karakana huwa na gitaa. Mtu mmoja hupiga kwa vidole viwili ule mtindo wa Katanga uliosambaa nchi nyingi za Afrika baada ya Hugh Tracey kumrekodi Jean Bosco Mwenda mwaka 1952, nasi wengine tunakata, tunalehemu, tunabishana. Ubishi wa sasa ni juu ya Tenke. Ndipo njia inayotoka Lubumbashi inapogawanyika, moja ikienda Kolwezi, Dilolo hadi Lobito baharini, nyingine ikipanda Kamina hadi Ilebo. Nataka stesheni hiyo iwe moyo wa reli yangu, na nimewaalika wazee wawili waliowahi kufanya kazi huko. Mmoja alichora njia zake kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Mwenzake aliitazama, akachukua penseli: "Hapana, mwana. Hapa haiko vile. Ilikuwa njia ine, na ya mwisho ilipita nyuma ya hangari." Wa kwanza amekataa. Karatasi bado iko ukutani, ina mistari ya watu wawili, na mbao za stesheni sijazikata mpaka wakubaliane.