Kigugunio si kitafunio: Kiswahili cha kumlisha na kumtuliza mbwa

UKIPITA katika mitaa mingi ya Nairobi, Nakuru au Mombasa, utakutana na maneno mawili langoni: ‘Mbwa Kali’. Sisi walimu wa sarufi tumelilalamikia bango hilo tangu jadi. Nomino ‘mbwa’, japo umbo lake halibadiliki katika umoja na wingi, humrejelea kiumbe mwenye uhai, na kwa hivyo huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA: mbwa mkali, mbwa wakali. Sitalirudia somo hilo leo. Kinachonikera zaidi ni kwamba katika maboma mengi, bango hilo lenye kasoro ndilo maandishi pekee ya Kiswahili yanayomhusu mbwa. Mengine yote, yaani maelezo ya chakula, dawa na vifaa vyake, yako kwa Kiingereza. Na anayemlisha mbwa huyo kila jioni ni nani? Mara nyingi ni bawabu (soja, tunavyomwita mtaani) au msaidizi wa nyumbani, ambaye kazi yake yote huelekezwa kwa Kiswahili.

Majuzi msomaji mmoja, mama anayefuga mbwa wawili, aliniomba nimwandikie maelezo ya ukurasa mmoja ya kubandika ukutani jikoni. Alikuwa amenunua vichezeo vya mpira vyenye uwazi ndani, vile ambavyo hutiwa chakula ili mbwa ahangaike kukitoa kwa meno na ulimi. Alitaka kijana anayewalisha mbwa wake ajue namna ya kuvijaza na kuvitumia. Kazi hiyo inaonekana ndogo, lakini imesheheni maswali ya lugha ambayo, yakijibiwa ovyo, yanaweza kumgharimu mnyama uhai wake.

Tuanze na kifaa chenyewe. Kile kinachojulikana zaidi duniani kiliibuka Colorado, Marekani, katika miaka ya 1970. Joe Markham alikuwa na mbwa kwa jina Fritz, aliyekuwa akiyaharibu meno yake kwa kuguguna mawe. Siku Markham alipokuwa akilitengeneza gari lake la Volkswagen, Fritz alivutiwa na kipande cha mpira kilichotoka katika sehemu ya springi za gari hilo, akaachana na mawe. Kutokana na kisa hicho, Markham aliunda kichezeo cha mpira mgumu kiasi, chenye umbo la vibonge vitatu vilivyopandana, na mwaka wa 1976 kampuni yake ya Kong ikaanza kukiuza.

Kwa nini mbwa ahangaishwe na chakula chake mwenyewe? Kwa sababu kuguguna, kulamba na kutafuta chakula ni hulka yake. Mbwa wetu wengi wa mjini hufungiwa kibandani kutwa nzima, wakafunguliwa usiku kulinda boma. Mchana kutwa hawana la kufanya. Matokeo yake tunayajua: kubweka bila sababu, kufukua maua, kutafuna viatu na kuguguna mlango wa kibanda. Kilebu naye ana sababu ya ziada. Meno yake 28 ya utotoni hung’oka na kupisha meno 42 ya ukubwani, shughuli inayoanza akiwa na umri wa miezi mitatu au minne hivi na kukamilika karibu na miezi saba. Wakati huo wote ufizi humwasha, naye hutafuta cha kutia kinywani. Wanafunzi wetu hukariri kwamba mtoto wa mbwa ni kilebu, wakapata alama ya mtihani, basi. Hakuna anayewaeleza kilebu huyo anahitaji nini.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Kichezeo kitupu nacho mbwa hukilamba dakika mbili, akakiacha.

Guguna, tafuna, lamba

Swali la kwanza lilikuwa jina. Wengine wangekimbilia ‘mwanasesere wa mbwa’, lakini mwanasesere ni kichezeo chenye sura ya mtu. ‘Kichezeo’ ni sahihi, ila ni neno pana mno. Mpira wa kukimbiza pia ni kichezeo. Je, tuseme ‘kitafunio cha mbwa’? Hapo sasa ndipo penye mtego.

Kiambishi tamati -io huunda majina ya vifaa: kutokana na kitenzi chuja tunapata kichujio, yaani kifaa cha kuchujia. Kwa mantiki hiyo, kitafunio kingekuwa kifaa cha kutafunia. Lakini matumizi yamekwisha kuamua vingine: vitafunio ni mandazi, vibanzi na sambusa tunavyoteremshia chai. Baadhi ya wasemaji husema vitafunwa, na umbo hilo lina mantiki zaidi kwa kuwa -wa huonyesha kitendwa. Vyovyote iwavyo, ukimwambia mtu ampe mbwa kitafunio, ataelewa kwamba ni kitu cha kuliwa kikaisha. Akimwona mbwa akinyofoa vipande vya mpira na kuvimeza, hatashtuka. Si ni kitafunio?

Kitenzi kinachotufaa ni guguna. Tafuna ni kusaga kwa meno kile unachonuia kumeza. Guguna ni kung’ata kidogo kidogo kitu kigumu, kama mfupa, bila kutarajia kwamba kitakwisha. Kwa hivyo nimependekeza kigugunio: kifaa cha kugugunwa, si cha kuliwa. Neno hilo linabeba onyo ndani yake. Kigugunio kikianza kumeguka, kimekwisha kuwa kitafunio, na hapo mahali pake ni kwenye jaa.

Maana hiyo pia ndiyo inayotuongoza kukichagua. Kwanza, kisiweze kuingia chote kinywani. Kiwe kikubwa kuliko kinachoweza kufika nyuma ya magego. Pili, kibonyeze kwa ukucha: kikikataa kabisa kubonyea, ni kigumu mno na kinaweza kuvunja jino. Tatu, kiwe na matundu mawili. Chenye tundu moja kinaweza kuufyonza ulimi ukanasa humo na kuvimba. Kwa sababu hiyo chupa ya plastiki si mbadala, hata kama ni ya bure. Kipande cha tairi nacho kina nyaya za chuma ndani.

Kuna vingine viwili tunavyovitupia mbwa bila kufikiri. Gunzi la mahindi halimeng’enyeki, na likimezwa linaweza kuziba utumbo hadi mbwa akahitaji kupasuliwa. Ndara kuukuu nayo humfundisha somo baya. Wewe unajua ipi imechakaa na ipi ni ya Krismasi, mbwa hajui. Kwake zote ni ndara.

Jaza au shindilia?

Kiswahili kina vitenzi vingi vya kutia kitu ndani ya kitu, na kila kimoja kina kiwango chake cha nguvu. Tia hakisemi ni kiasi gani. Jaza husema mpaka juu. Shindilia husema mpaka juu, na kwa kukandamiza. Sokomeza ni kulazimisha kiingie hata kama nafasi haipo. Mwandishi wa maelezo akivichanganya, mbwa ataona tofauti.

Mbwa ambaye hajawahi kukiona kigugunio hapaswi kushindiliwa chochote. Siku za kwanza, tia chakula kikavu kilicholegea, kiasi cha nusu, ili akikisukuma kwa pua tu, punje zidondoke. Akijaribu dakika nyingi bila kupata kitu, atakata tamaa, nawe utadhani hakipendi. Akishajua mchezo, jaza kwa tabaka. Ziba tundu jembamba kwa kipande cha karoti. Juu yake weka kitu kitamu, kama kijipande cha nyama au omena wachache, ili mwisho wa kazi kuwe na zawadi. Kisha tia chakula chake cha kawaida, kiwe ni ugali uliochanganywa na mchuzi wa mifupa usio na chumvi wala kitunguu, au viazi vitamu vilivyopondwa. Tundu pana lipakwe mtindi usiotiwa chochote au siagi ya njugu kidogo. Hatimaye, akiwa ameiva, ndipo ushindilie na hata kugandisha kwenye jokofu. Kigugunio kilichoganda humchukua muda mrefu zaidi kukimaliza, na ubaridi humpoza kilebu ufizi.

Chakula hicho kitolewe katika posho yake ya siku, kisiwe nyongeza. La sivyo utamtuliza mbwa kwa kumnenepesha.

Mtego wa ‘isiyo na sukari’

Nimetaja siagi ya njugu, na hapa nawaomba watafsiri wenzangu wanisikilize kwa makini. Maelezo mengi ya kigeni husisitiza kwamba siagi hiyo isitiwe sukari. Mtafsiri mwaminifu ataandika: ‘Tumia siagi ya njugu isiyo na sukari.’ Sentensi hiyo haina kosa lolote la sarufi, lakini inaweza kuua.

Bidhaa nyingi zinazojinadi kuwa hazina sukari hutiwa utamu kwa kemikali nyingine. Mojawapo ni zailitoli, ambayo pia hupatikana katika chingamu na dawa za meno. Binadamu haimdhuru hivyo. Kwa mbwa ni sumu: huchochea kongosho kumwaga insulini kwa wingi, sukari ya damu ikashuka ghafla, wakati mwingine ndani ya nusu saa tu. Mbwa hutapika, hulegea, hutetemeka na anaweza kuzirai. Ini lake pia linaweza kuharibika. Kijana aliyeambiwa ‘isiyo na sukari’ ataingia dukani, atatafuta mkebe ulioandikwa hivyohivyo, na atarudi nyumbani na sumu akiwa ametii kila neno.

Kwa hiyo tusieleze kisichomo, tueleze kilichomo. ‘Siagi ya njugu karanga tupu, isiyoongezwa kitu kingine chochote.’ Anayeweza amwombe muuzaji amsagie njugu akiona. Njugu zenyewe ziwe safi, zisizo na kuvu. Iko desturi mbaya ya kusema kwamba njugu au mahindi yakiota kuvu, ‘wacha tu, hiyo ni ya mbwa.’ Sumukuvu haichagui wa kumdhuru, na kupika hakuiondoi. Mwaka wa 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliwaua watu 125 nchini Kenya, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui. Sumu iyo hiyo huharibu ini la mbwa.

Vingine visivyofaa kutiwa humo ni chokoleti, zabibu mbichi au kavu, kitunguu maji na kitunguu saumu, mifupa iliyopikwa, ambayo huvunjika ikawa kama sindano, na njugu za makadamia. Hizo za mwisho tunazilima kwa wingi Murang’a, Embu na Meru, na huenda zikawa zinaanguka karibu na kibanda cha mbwa wako.

‘Akimaliza hii, utoe’

Swali la mwisho linahusu viwakilishi. Katika mazungumzo yetu ya kila siku nchini Kenya, ‘hii’ imemeza takriban ngeli zote. Utasikia:

“Mama, hii nimpe yote?”

“Eeh, mpe yote. Akimaliza hii, utoe.”

Amalize nini? Atoe nini? Kijana anaweza kuondoa kigugunio mara tu chakula kinapokwisha, ndivyo ipasavyo. Au kukiacha mpaka mbwa ‘akimalize’ chenyewe. Mwanasarufi atasema dawa ni upatanisho sahihi wa ngeli. Hapa sarufi pekee haitoshi. Chakula ni cha KI-VI, na kigugunio pia ni cha KI-VI. ‘Akikimaliza, kiondoe’ ni sentensi sanifu, lakini utata uko palepale. Katika maelezo ya usalama ni heri kurudia nomino hata kama insha ingeonekana nzito: ‘Chakula kikiisha, kiondoe kigugunio.’

Tena tuchague kitenzi cha kuondolea. Mbwa hapokonywi. Anayepokonywa leo, kesho atanguruma mkono ukimkaribia, na keshokutwa anaweza kuuma, hasa mtoto. Neno ni badilishana: mrushie kipande cha nyama kando, akikifuata, okota kigugunio.

Haya basi, ukurasa wenyewe niliomwandikia yule mama. Mwenye kuuhitaji anaweza kuukata na kuubandika:

1. Osha kigugunio kwa brashi, sabuni na maji moto kila kinapotumika. Mabaki huvuta siafu na kuoza.

2. Kikague. Kikiwa kimemeguka au kupasuka, kitupe.

3. Kwa mbwa anayejifunza, tia chakula kikavu nusu. Kwa mbwa mzoefu, jaza. Shindilia na ugandishe baadaye tu.

4. Tumia siagi ya njugu karanga tupu, isiyoongezwa kitu kingine chochote.

5. Usitie chokoleti, zabibu, vitunguu, makadamia, mifupa iliyopikwa wala chakula chenye kuvu.

6. Kila mbwa apewe kigugunio chake, mahali pake. Watoto wasimkaribie anapokula.

7. Siku za kwanza, baki karibu umtazame anavyokitumia.

8. Chakula kikiisha, mpe mbwa kipande cha nyama kando, kisha uondoe kigugunio. Usimpokonye.

9. Akila kitu kilichokatazwa, usingoje dalili. Mpigie daktari wa mifugo mara moja, umsomee kilichoandikwa kwenye mkebe.

Chini ya ukurasa nimeacha nafasi ya nambari ya simu ya daktari. Iandike kwa kalamu isiyofutika.