Springi, Shokapu na Utii wa Gari Katika Barabara za Changarawe

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, zinajulikana kwa korosho na ufuta. Reli iliyojengwa kutoka pwani hadi Nachingwea kwa ajili ya mpango wa karanga, ulioanza mwaka 1947, iliondolewa katika miaka ya 1960. Tangu hapo mazao, bidhaa za madukani na wagonjwa wanaokwenda hospitali husafirishwa kwa barabara. Ingawa lami imeongezeka, njia nyingi za vijijini bado ni za udongo na changarawe. Wenye magari hutafuta namna ya kuyaimarisha kwa ajili ya njia hizo, na namna iliyozoeleka ni kuongeza mabamba katika springi ili gari liwe gumu. Je, gari gumu hutii usukani vizuri zaidi? Jibu la fizikia ni kwamba mara nyingi sivyo.

Kazi ya springi

Gari hugeuka, husimama na huenda kwa sababu ya msuguano kati ya matairi na ardhi. Kila tairi hugusa ardhi kwa eneo dogo, takriban ukubwa wa kiganja. Tairi likiinuka, hata kwa sehemu ya sekunde, msuguano hutoweka, na usukani na breki hukosa mahali pa kushika. Kwa hiyo, kazi kubwa ya springi si starehe ya abiria peke yake, bali ni kuliwezesha gurudumu kupanda na kushuka likifuata ardhi.

Mwaka 1678 Robert Hooke wa Uingereza alichapisha kanuni isemayo kwamba springi hunyumbuka kwa kadiri ya kani inayoikandamiza. Tuchukue pikapu ambayo gurudumu lake moja hubeba kilo 400, kwa springi inayohitaji nyutoni 25,000 ili kukandamizwa meta moja. Hesabu huonyesha kwamba mwili wa gari hilo utacheza juu na chini takriban mara 1.3 kwa sekunde. Ugumu wa springi ukiongezwa maradufu, utacheza takriban mara 1.8. Gurudumu likikutana na jiwe, springi hiyo ngumu hulisukuma gari zima juu badala ya kulipisha gurudumu peke yake, na tairi huruka.

Kazi ya shokapu

Springi huhifadhi nishati kisha huirudisha. Ingekuwa peke yake, gari lingeendelea kurukaruka muda mrefu baada ya kila shimo. Shokapu ndiyo inayoikomesha michezo hiyo. Ndani yake pistoni husukuma mafuta kupitia matundu membamba, na nishati ya mtikisiko hugeuka kuwa joto.

Hapa ndipo kosa la kuongeza mabamba tu linapoonekana wazi. Ugumu wa springi ukiongezwa maradufu, uzuiaji unaotakiwa katika shokapu huongezeka takriban mara 1.4. Shokapu iliyotosha jana haitoshi leo, ijapokuwa haikuharibika. Aidha, katika safari ndefu ya mitikisiko mafuta yake hupata moto na kuwa mepesi, na nguvu ya kuzuia hupungua.

Makunyanzi ya barabara

Kila dereva wa njia za changarawe anayajua makunyanzi, yaani matuta madogo yaliyojipanga kama mikunjo ya bati. Mwaka 1963 mwanafizikia Keith Mather alieleza kwamba makunyanzi hutokea magurudumu yanapopita juu ya udongo mkavu kwa mwendo unaozidi kiasi fulani, hata kama magurudumu hayana springi.

Tuseme makunyanzi yameachana kwa sentimeta 75. Gari likienda kilometa 36 kwa saa, yaani meta 10 kwa sekunde, gurudumu hupigwa takriban mara 13 kwa sekunde. Magurudumu ya magari mengi, yakiachwa huru, hurukaruka yenyewe kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde. Mapigo ya njia na michezo ya gurudumu hukutana, na mtikisiko huwa mkali kupita kiasi. Dereva akiongeza mwendo, gari hutulia, kwa kuwa matairi yanagusa vilele tu. Utulivu huo ni wa hadaa. Katika kona au wakati wa kufunga breki ghafla, gari huteleza kama lililo juu ya mchanga.

Kuinua gari

Wengine huliinua gari ili lisiguse mawe. Uthabiti wake dhidi ya kupinduka hupatikana kwa kugawa nusu ya upana kati ya magurudumu kwa kimo cha kitovu cha uzito. Gari lenye upana wa meta 1.4 na kitovu kwenye kimo cha meta 0.7 lina uwiano wa 1. Likiinuliwa sentimeta 10, uwiano huwa 0.875, limepoteza thumuni ya uthabiti wake. Magunia yakiwekwa juu ya paa, hupoteza zaidi.

Utaratibu unaofaa

Kwanza hukaguliwa matairi na upepo wake, kisha busha zilizolika, kwa maana busha iliyolegea huliacha gurudumu lielekee pasipotakiwa. Halafu shokapu: kona ya gari ikikandamizwa na kuachwa, inapaswa kurudi na kutulia upesi, ikicheza mara kadhaa, au mafuta yakivuja, shokapu imekwisha. Mabamba huongezwa mwisho, kwa gari linalobeba mzigo mzito daima, pamoja na shokapu zinazolingana nayo. Hata hivyo, hayaongezi nguvu ya breki wala ya ekseli. Kipimo cha mzigo kilichowekwa na mtengenezaji hubaki palepale.

Jaribio la darasani

Ning'iniza jiwe kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Livute kidogo, liachie, na uhesabu michezo yake kwa sekunde 10. Rudia kwa kanda mbili zilizofungwa sambamba. Michezo itaongezeka takriban mara 1.4. Sasa jiwe licheze ndani ya ndoo ya maji. Litatulia upesi zaidi. Kanda ni springi, maji ni shokapu. Wanafunzi wajadili: gari linalopeleka mgonjwa hospitali kwa njia ya makunyanzi lirekebishwe nini kwanza?