Toka Mansa Hadi Ndola kwa Ndege
Mtu wa Chienge apelekaye mgonjwa Ndola kwa ndege toka Mansa hana budi kufika Mansa kwanza, safari ndefu kwa barabara. Huko ndiko saa ziishiako. Kutoka Mansa, mstari ulionyooka ni kama kilomita 210 tu, nao wapita juu ya ile ncha ya Kongo iliyochongwa na mapatano ya Waingereza na Mfalme Leopold, 1894. (Ndege haijali mpaka; rubani hujali.) Ndege ndogo iendayo kilomita 250 kwa saa yahitaji dakika 50 hivi. Ikikabili upepo wa kilomita 40, mwendo hubaki 210: saa nzima, mbali na kupaa na kutua.