Njia Fupi Si Lazima Iwe Njia Bora

Wahenga walinena kuwa njia ya mwongo ni fupi. Msemo huu wawafaa pia wahandisi wa mawasiliano, na walimu wetu wa hisabati wangefanya vyema kuupeleka darasani.

Tuchukue mfano wa mafuriko yaliyoangusha minara ya simu. Waokoaji wanaweza kubeba redio ndogo zinazojiunga zenyewe kuwa mtandao: kila redio hupokea ujumbe na kuukabidhi jirani yake, hadi umfikie mlengwa. Swali ni moja: ujumbe upitie kwa nani?

Kwa miaka mingi jibu la kawaida lilikuwa kuchagua njia yenye vituo vichache. Kasoro yake ni dhahiri. Vituo vikiwa vichache, kila hatua huwa ndefu, na mawimbi hudhoofika kwa umbali. Mwaka 2003, De Couto na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walipendekeza kipimo kingine: kukadiria ujumbe utatumwa mara ngapi hadi upokewe na jibu la kuupokea lirejee. Kiungo kinachofikisha nusu ya jumbe zinazokwenda na nusu ya majibu yanayorudi huhitaji, kwa wastani, kutuma mara 4. Viungo viwili vinavyofuatana, kila kimoja kikifikisha asilimia 90 kwenda na kurudi, huhitaji jumla ya mara 2.5 hivi. Kumbe kuzunguka ndiko kufika!

Hata hivyo, tusishangilie mapema. Kipimo hicho kilitegemea hesabu ya jumbe za majaribio za sekunde 10 zilizopita. Mwokoaji akitembea, sifa ya kiungo chake huwa imekwisha kupitwa na wakati. Watafiti wa Microsoft walionyesha mwaka 2004 kwamba kipimo hicho kilishinda vituo vilipotulia. Lakini mtumaji alipotembea, kule kuhesabu vituo kulikobezwa kukafaa zaidi, kwa kuwa huyafuata mabadiliko upesi.

Basi hapa hapana kanuni ya kukariri na kuitapika katika mtihani. Mwanafunzi na afunzwe kuuliza mambo mawili: kiungo hiki ni imara kadiri gani, na habari zake ni za lini? Anayengoja kuokolewa juu ya paa hatajali njia ilikuwa fupi au ndefu. Atajali kama ujumbe wake ulifika.