Milima ya Kilungu: Jiwe Limekaa, Udongo Ndio Unaoondoka

Ukitoka Mombasa kwenda Nairobi, ukifika Salama unaiona milima ya Kilungu mkono wa kulia. Nyuma yake ni Wote, na kaskazini iko Mbooni. Sisi wa Pwani, tuliozoea ardhi tambarare ya matumbawe ambapo mvua ikinyesha maji huzama yakaenda zake, tunadhani mlima wa mawe hauendi popote.

Jiwe kweli haliendi. Ni la Mkanda wa Msumbiji, miamba mikongwe iliyopikwa kwa joto na mgandamizo chini kabisa ya ardhi, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Sehemu kubwa ni naisi, jiwe gumu lenye mistari ya weupe na weusi, na ulanga unaometameta ndani yake.

Tatizo ni ngozi yake. Mvua na joto huliozesha jiwe kutoka juu, pole pole, likawa udongo. Mvua ikipiga siku kadhaa mfululizo, maji huteremka ndani ya udongo mpaka yakutane na mwamba mzima, na hapo hukwama. Udongo unakuwa mzito, na maji hayo hayo yanazisukuma chembe zake ziachane. Mfano wake ni mkeka juu ya sakafu ya saruji iliyolowa. Na kama mistari ya jiwe imeinamia bondeni, basi tena.

Novemba 2019 hayo yalitokea Pokot Magharibi, kwenye miamba ya ukoo huo huo. Makumi ya watu walifukiwa usiku.

Wakamba wana matuta ya fanya juu, mtaro unachimbwa na udongo hutupwa upande wa juu. Yamesaidia sana kuzuia mmomonyoko, ule unaoipaka Sabaki rangi kule Malindi. Lakini maporomoko ni jambo jingine: mtaro unaotuamisha maji kwenye mtelemko mkali huweza kuulemea zaidi.

Ninachokiogopa hasa ni kuukata mguu wa mlima ili kupata uwanja wa nyumba. Mpwa wangu anafundisha Wote, na ameonyeshwa kiwanja cha namna hiyo, bei poa. Nimemwambia atazame miti iliyopinda shina, nyufa za umbo la hilali upande wa juu, na chemchemi iliyozuka juzi. Halafu awaulize wazee wa pale, mvua za El Niño za 1997 udongo ulifika wapi.