Breki za Baiskeli ya Makala Wakati wa Mvua
Kuanzia Novemba hadi Machi, baiskeli zinazoingiza makala (makaa) Lubumbashi hupambana na tope jekundu. Nyingi husimamishwa kwa mpira unaobana rimu ya chuma, na rimu hiyo ikilowa huteleza: mpira lazima ufute maji kwanza ndipo ushike. Breki ya diski ina nafuu kwa kuwa iko karibu na kitovu cha gurudumu, mbali na tope, na matundu yake hutoa maji. Mtu atasema ni ghali, tena uma wa baiskeli ya zamani hauna pa kuifunga. Kweli kabisa. Basi atafute rimu ya alumini, inayoshika vizuri zaidi ikilowa, na aguse breki kidogo kabla ya mteremko. Mwenye diski naye achague pedi za metali. Zile laini huliwa upesi na mchanga. Na mafuta ya mnyororo yasifikie pedi.